Dini Isiwe Mizani ya Heshima

Mwanafunzi anayetafuta chumba cha kupanga Kikoni au Wandegeya hujiandaa kwa maswali matatu. Una kodi ya miezi mingapi? Unasoma kozi gani? La tatu huulizwa kwa Kiganda, kwa maneno mawili tu: Osabira wa? Yaani, unasali wapi? Mimi niliulizwa la tatu kabla ya la kwanza.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa darasa la Kiswahili. Yeye ni Mnubi wa Bombo, Mwislamu, na siku hiyo, kama siku zote, alikuwa amevaa hijabu. Mimi ni Mkatoliki. Mama mwenye nyumba alinigeukia mimi, akaniuliza ninasali wapi. Nikamjibu kuwa ninasali kanisa la Mtakatifu Augustino, pale pale chuoni. Akatabasamu. Yeye ni mlokole na sidhani kama anaupenda sana Ukatoliki, lakini jibu langu lilimtosha. Mwenzangu hakuulizwa kitu. Mama akaingia ndani, akatoka na habari kuwa chumba cha watu wawili kimekwisha kuchukuliwa na kimebaki cha mtu mmoja. "Hicho, mwanangu, nakupa wewe."

Nilikichukua. Mhula ulikuwa umeanza, nilikuwa nimechoka kuzunguka na begi, nikajiambia kuwa kosa si langu. Mwenzangu akaenda kukaa kwa shangazi yake Kawempe, akawa anaamka alfajiri ili awahi vipindi. Wiki mbili baadaye, kile chumba cha watu wawili kilikuwa bado kitupu, kufuli likining'inia mlangoni.

Naandika insha hii kwa sababu ya kufuli hilo. Swali ni hili: je, imani ya dini ya mtu iathiri heshima tunayompa? Jibu langu ni hapana, na hapana hiyo ina pande mbili. Imani isimshushe mtu. Hilo kila mmoja wetu hulikubali, walau mdomoni. Lakini imani isimpandishe mtu pia, na hilo ndilo tusilopenda kulisikia. Mimi nilipandishwa bila kustahili, na heshima niliyoongezewa ilikatwa kwa mwenzangu aliyesimama kando yangu.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kiswahili kina neno moja, heshima, kwa mambo mawili tofauti. Iko heshima ya utu, ambayo mtu anastahili kwa kuwa ni mtu: kusalimiwa, kusikilizwa, kupangishwa chumba kama ana kodi, kutahiniwa kwa haki, kutopekuliwa mlangoni kuliko wengine. Iko pia heshima ya sifa, ambayo mtu huichuma kwa matendo yake. Twampa fundi asiyedanganya, mhadhiri anayerudisha kazi zetu zikiwa zimesomwa kweli, jirani anayetunza siri. Heshima ya kwanza haichumwi, na hakuna dini inayoweza kumpa mtu wala kumnyang'anya. Ya pili huchumwa kwa matendo peke yake. Sasa niambie, ndugu msomaji, jibu la "unasali wapi" linaingia wapi kati ya hizi mbili? Mimi nimelitafutia nafasi nikakosa.

Wapo watakaosema kuwa ninakuza jambo dogo, kwamba Uganda ni nchi ya amani ya dini, na vilima vya Kampala ni ushahidi. Namirembe wana kanisa kuu lao Waanglikana, Rubaga Wakatoliki, Kibuli Waislamu wana msikiti wao, Kikaaya Wabahai wana hekalu lao, na wote wanatazamana bila kurushiana mawe. Ni kweli, na ninashukuru. Lakini vilima hivyo vina historia, na historia yake ni ya heshima iliyopimwa kwa dini.

Katika miaka ya 1870, Kabaka Muteesa wa Kwanza aliwaua vijana Waislamu wa ikulu yake waliokataa kula nyama yake kwa kuwa kwao haikuwa halali. Kati ya 1885 na 1887, mwanawe Mwanga akawaua Wakristo, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Halafu watu wa dini wenyewe wakageukiana. Waislamu na Wakristo walipigana, kisha Wakristo wakapigana wao kwa wao, Waprotestanti wakiitwa chama cha Waingereza na Wakatoliki chama cha Wafaransa, kwa kufuata asili ya wamishenari wao. Mwezi Januari 1892 vita vilifika Mengo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Baada ya hapo nchi ikagawanywa kwa dini. Mgawanyo huo ukapata nguvu zaidi kwa Mkataba wa Buganda wa 1900. Kaunti nyingi walipata machifu Waprotestanti, zilizofuata wakapewa Wakatoliki, na Waislamu wakaachiwa Butambala. Ukatikkiro ulikuwa wa Mprotestanti.

Tazama jinsi jambo hili lilivyofanya kazi. Mtu hakuulizwa kama anajua kutawala, kama anakula rushwa au kama watu wake wanampenda. Aliulizwa anasali wapi. Ndiyo maana nasema kuwa mama yangu mwenye nyumba hakulibuni swali lake, alilirithi. Mwaka 1955 Matayo Mugwanya, Mkatoliki, aligombea ukatikkiro akashindwa na Michael Kintu, Mprotestanti, na Wakatoliki wengi waliamini kuwa dini ndiyo iliyomponza. Vyama vilipokuja, watu walikiita DP kwa utani "Dini ya Papa", na UPC wakakipa jina la Waprotestanti wa Canterbury. Utani huo ulichekesha kwa sababu ulikuwa na ukweli ndani yake.

Mizani ya dini ina ubaya mwingine. Ikishamweka mtu mmoja juu au chini, inawabeba wote wanaosali naye. Idi Amin alikuwa Mwislamu. Chini ya utawala wake aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Februari 1977, na wengine wengi wa kila dini, Waislamu wakiwemo. Alipoangushwa mwaka 1979, Waislamu wa kawaida magharibi mwa nchi, wakulima na wachuuzi, waliuawa kana kwamba wao ndio waliotawala. Tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 hapa Kampala waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na Al-Shabaab wakasema wamefanya wao. Tangu hapo, mwanamke mwenye hijabu akipanda teksi na begi kubwa, macho humfuata mpaka ashuke. Ndani ya begi la mwenzangu mimi najua kilichomo. Ni kamusi, kanga, na chapati alizofungiwa na shangazi yake.

Sisi tunaosoma Kiswahili tungekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili, kwa sababu lugha yetu yenyewe imekwisha kupimwa kwa mizani hiyo. Wakristo wa kwanza wa Buganda walijifunza Injili kwa Kiswahili kabla haijatafsiriwa kwa Kiganda. Hata hivyo Askofu Alfred Tucker alikipinga Kiswahili kwa hoja kwamba kiko karibu mno na Uislamu. Gavana Gowers alipotaka kukieneza mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alikataa, na maaskofu nao wakakataa. Zilikuwepo sababu nyingine, ikiwemo hofu ya kuingizwa katika mikono ya walowezi wa Kenya, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini ile doa ya dini haikutoka. Leo Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Pamoja na hayo, kila likizo nikirudi nyumbani naulizwa kama nimesilimu. Lugha nzima, na mashairi yake yote, imenyimwa heshima kwa sababu ya dini ya waliotangulia kuileta. Kama tunaona hilo ni upumbavu lifanyiwapo neno, kwa nini tunalivumilia lifanyiwapo mtu?

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana hoja zao si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba imani huzaa matendo. Anayeamini vibaya atatenda vibaya, kwa hiyo kumpima mtu kwa imani yake ni busara tu. Watakumbusha Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya wafuasi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu waliteketea ndani ya kanisa lao, na baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye mashimo. Watakumbusha na Shakahola, kule Kilifi, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga mpaka kufa.

Nakubali kuwa mambo hayo ni ya kutisha, lakini nayasoma kinyume na wao. Watu wa Kanungu hawakuangamia kwa kuwa jamii iliwadharau viongozi wao. Viongozi hao waliheshimiwa. Joseph Kibwetere alijulikana kama Mkatoliki mcha Mungu. Kati yao alikuwemo padri aliyesoma mpaka Marekani. Watu waliuza mashamba wakawakabidhi fedha, na nani angemhoji mtu anayefunga na kusali kiasi kile? Heshima waliyopewa kwa ajili ya dini ndiyo iliyowafunika. Kama jirani wangeuliza maswali ya kawaida ambayo huulizwa mtu yeyote, fedha zinakwenda wapi, watoto wanasoma wapi, kwa nini wagonjwa hawapelekwi hospitali, huenda mambo yangejulikana mapema. Kanungu ni onyo juu ya kumpandisha mtu kwa imani yake.

Na si lazima twende Kanungu. Katika nyumba ile ile niliyopangishwa mimi, alikuwepo kijana aliyeongoza maombi ya asubuhi. Mama mwenye nyumba alimwita mwanawe. Sisi wapangaji tukamfanya mweka hazina wa pesa za Yaka, kwa sababu ile ile. Hatukumdai risiti, tuliona aibu. Siku moja umeme ulikatika jioni, na yeye hakuwepo, wala pesa hazikuwepo, wala hajaonekana hadi leo. Tulikaa gizani juma zima. Simlaumu Yesu kwa hilo, wala siwalaumu walokole, ambao wengi wao ni waaminifu kuliko mimi. Najilaumu mimi na wenzangu tuliochukua Biblia ya mtu tukaifanya barua ya udhamini. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Sisi tulitazama mlango, tukaona umepakwa rangi nzuri, tukatoa fedha.

Hoja ya pili hutoka upande mwingine, na hupendwa sana katika hotuba za chuoni: heshimuni dini zote, yaani msiseme chochote juu ya imani ya mwenzenu. Hii husikika kama adabu. Mimi naiona kuwa ni uvivu. Imani ni maneno juu ya ulimwengu, na maneno huulizwa. Mwenzangu wa Bombo haamini kuwa Yesu ni Mwana wa Mungu. Mimi naamini. Haiwezekani sote wawili tuwe sahihi, na tumebishana juu ya hilo usiku kucha, tukanywa chai birika mbili, asubuhi tukaenda pamoja kwenye kipindi cha fasihi. Nilimheshimu kwa kubishana naye, kwa maana nilimchukulia kuwa mtu mwenye akili anayeweza kujibu. Ambaye simheshimu ndiye ninayemchekea na kunyamaza. Heshima si utumwa. Tena Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 29, imeweka uhuru wa mawazo, dhamiri na imani mahali pamoja na uhuru wa kitaaluma wa vyuo. Waliofanya hivyo walijua kuwa chuo kisichoruhusu imani kuhojiwa si chuo.

Basi imani ya mtu naweza kuihoji, hata kuikataa kabisa, na yeye mwenyewe nisimpunguzie hata salamu. Na naweza kuiona imani ya mtu kuwa nzuri mno, na yeye nisimwongezee hata shilingi ya uaminifu ambayo hajaichuma.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, na niliipata kwa rafiki Msabato. Aliniambia: "Ukisema imani isiathiri heshima, unataka tufanywe wote sawa. Basi wataweka mtihani Jumamosi na kuniambia kuwa nimetendewa sawa na wengine." Jambo hili limewahi kufika mahakamani. Wanafunzi Waadventista Wasabato wa Chuo Kikuu cha Makerere walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga masomo na mitihani kufanyika siku ya Sabato. Walishindwa mwaka 2003, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo, kuwa sera ya chuo haikuvunja Katiba.

Mimi si mwanasheria, na uamuzi wa mahakama nauheshimu. Lakini sheria inatuonyesha kiwango cha chini ambacho hatuwezi kushuka kukivuka. Haituambii tukomee hapo. Kumheshimu mtu sawa na wengine si kujifanya kuwa hana imani. Mgonjwa wa kisukari na mzima wakipewa soda sawa kwenye sherehe, hawakutendewa sawa. Pale ambapo naweza kumwachia mwenzangu nafasi ya dhamiri yake bila kumwumiza mtu mwingine, kumwachia ni sehemu ya ile heshima ya utu, na angeistahili kama angekuwa Msabato, Mwislamu au mtu anayemwuguza mama yake kila Jumamosi. Wahadhiri wetu, kwa unyenyekevu nawaomba: jaribio la darasani linaloweza kuwekwa Jumatano lisiwekwe Jumamosi kwa sababu tu ya urahisi, wala lisiwekwe saa ya swala ya Ijumaa. Hapo hamtakuwa mmeipendelea dini yoyote. Mtakuwa mmemkumbuka mtu.

Kuna kundi jingine ambalo katika mijadala hii husahauliwa, nalo ni la wasiokuwa na dini yoyote. Kampala unaweza kuwa wa dini yoyote ukapata wa kukutetea, lakini ukijibu "sisali popote" utatazamwa kama mwizi ambaye hajakamatwa bado. Darasani kwetu tunaye mmoja. Tulimcheka, tulimwombea kwa sauti mbele yake, wengine walikataa kukaa naye kikundi kimoja. Usiku ambao mwenzetu mmoja alizidiwa na malaria, yeye ndiye aliyempakia kwenye bodaboda mpaka Mulago, akalala kwenye benchi, akalipia dawa kwa pesa zake za chakula. Waliomwombea walifika asubuhi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Sisemi kuwa kutoamini kulimfanya awe mwema. Nasema kuwa tulikuwa tumempima kwa kitu kisichopima wema.

Sensa ya 2014 ilionyesha Wakatoliki kuwa asilimia 39.3 ya Waganda, Waanglikana asilimia 32, Waislamu asilimia 13.7 na Wapentekoste asilimia 11.1. Hakuna kundi linalofika nusu. Kila mmoja wetu, akivuka barabara tu, anaingia kwenye mtaa ambako yeye ni mgeni wa imani. Mizani tunayowatumia wengine leo tutapimwa nayo sisi kesho, na hatutapenda namba itakayosomeka.

Ninachowaomba wanafunzi wenzangu si kikubwa. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukija, anayenong'ona "huyu ni wetu" mwulizeni mgombea huyo amefanya nini. Mweka hazina adaiwe risiti hata kama ana tasbihi, rozari au Biblia mkononi. Na mkienda kutafuta chumba mkaulizwa mnasali wapi, jibuni kwa upole kuwa kodi tunayo, na kama mwenzangu hapangishwi, nami sipangi.

Jibu hilo nilikuwa nalo siku ile, nikalimeza. Yule niliyemwacha ndiye aliyenifundisha ngeli mwaka wa kwanza, jioni baada ya jioni, wakati mimi siwezi kutofautisha "u" na "ki". Sikuwahi kumwuliza anasali wapi kabla ya kukubali msaada wake. Mhula uliofuata nilihama, nikampata mwenye nyumba mwingine Makerere Kivulu aliyeuliza jambo moja tu: "Mtalipa lini?" Tukamjibu pamoja.